Kumfuata Minza Eldoret, Simu Ikiwa Imezimwa

Kila nikipita pale kwenye mzani wa pamba mnaniuliza Kenya kulikuwaje, nami nasema salama, kisha naongeza mwendo. Haikuwa salama. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, ila sasa imepoa kiasi cha kuandikika. Someni, mpeane, na asiwepo mtu wa kunisimamisha tena barabarani nikiwa na gunia mgongoni ili nimweleze upya.

Dutwa, kabla sijaondoka

Habari ilifika kwa mdomo. Dada yangu Minza na mumewe Maduhu walikuwa wamepanda lori la choroko kwenda kuuza Kenya, kama walivyofanya msimu uliopita. Baba mdogo Sitta, mdogo wa marehemu baba, alipigiwa simu na Maduhu akiwa anaswaga ng'ombe kuelekea malishoni upande wa Meatu. Alichopata kusikia ni kwamba lori limepinduka na Minza amelazwa hospitali, Eldoret. Kisha mtandao ukakata. Mtu mwenye akili angerudi nyuma hadi penye mtandao. Baba mdogo alimwambia muuza maziwa mmoja aliyekuwa anarudi kwa baiskeli, muuza maziwa akamwambia mama, na yeye akaendelea na ng'ombe wake hadi porini kabisa, ambako simu ni tochi tu.

Mimi nilikuwa Bariadi mjini, nafanya kibarua cha kupakia marobota kwenye kinu cha pamba. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amekaa mlangoni, kile kiswaswadu chake, simu ndogo ya vitufe, kipo mapajani, anabonyeza, anasikiliza, anabonyeza tena. Simu ya Minza ilikuwa inaita. Inaita hadi inachoka, hakuna anayepokea. Mimi sikuwa na simu, yangu ilikuwa imezama ziwani Lamadi, kwa hiyo nikachukua ya mama nikapiga pia. Jirani mmoja alikuwa amemwekea mama salio la kupigia Kenya, na wote tulioingia pale tulipiga kwa simu hiyohiyo. Iliita.

Kesho yake haikuita tena. Akaingia yule mwanamke wa kwenye mtambo, anayesema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mnamjua. Ana sauti ya mtu aliyeshiba na kuoga. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kisukuma, akarudia maneno yaleyale kwa adabu ileile.

Majirani wakaanza kuja. Hilo nalo lilinichoma. Walikuja kutoa pole kwa mtu ambaye hatujui kama anahitaji pole. Wakatandika mikeka, wakakaa, na mama mmoja ambaye simtaji kwa sababu mnamjua akauliza taratibu sufuria kubwa litaazimwa kwa nani. Nilikunja mkeka wake yeye akiwa bado amekaa juu yake. Mama aliniambia nimwombe radhi. Sikumwomba, na leo tena nasema simwombi.

Jioni ile mama aliniita nyuma ya nyumba.

"Nkwabi, wewe ndiye mzururaji wa nyumba hii. Leo uzururaji wako una kazi. Nenda ukamwone kwa macho. Ukimkuta yupo, niambie yupo. Ukimkuta hayupo, usiniambie anaumwa."

Nilijua alichokuwa anakisema. Kwetu msiba wa mbali haupitishwi kwenye simu. Watu husema mgonjwa amezidiwa kidogo, njooni, na ukifika ndipo unaoneshwa. Baba alipolazwa Shinyanga, mama alipiga simu kuuliza hali. Akaambiwa baba hawezi kuongea, koo limekauka, lakini uji anakunywa wote na kuomba mwingine. Mama akapika uji, akaujaza kwenye chupa ya chai, akaukumbatia njia nzima kupitia Maswa ili usipoe. Alipofika, baba alikuwa ameshafunikwa tangu asubuhi. Waliomdanganya walikuwa ndugu zetu wenyewe, tena kwa upendo. Tangu hapo mama hawezi kusikia neno "anaendelea vizuri" bila kutafuta mahali pa kushika.

Lamadi

Lamadi nilikaa nikingoja basi linalotoka Mwanza kwenda Sirari. Mkata tiketi alisema linakuja sasa hivi. "Sasa hivi" ya mkata tiketi ni kitu cha ajabu, ningekuwa na muda ningeichunguza. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kushuka, na bado basi lilikuwa linakuja sasa hivi.

Mama mmoja muuza dagaa aliniona ninavyozunguka nguzo kama ndama aliyefungwa, akaniita nikae kivulini kwake. Alikuwa mtu wa Busega, ana magunia ya dagaa na kikaango cha sato. Akanipa samaki na ugali wa muhogo akasema nile kwanza, hasira inataka mahali pa kukaa. Mimi hata nikiwaka namna gani, udadisi huniponyoka. Nikamuuliza kwa nini dagaa wake hawana mchanga kama wa wenzake. Akaniambia huwa anawaanika juu ya nyavu zilizoinuliwa, siyo chini, na wanunuzi wa Kenya wanawatambua kwa kuwatafuna tu. Nikauliza na mvua ikija ghafla? Akacheka, akasema mvua ikija ghafla anauza chakula cha kuku.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, akiniita kwa Kisukuma kama aitwavyo mwanamume yeyote, "Ngosha, unakwenda kuona au kuzika?"

Niliacha kula. Nikamwambia nakwenda kuona.

"Simu yake inasemaje?"

"Imezimwa."

Akatikisa kichwa namna ile wanayotikisa watu wa msibani, nikataka kumrudishia samaki wake. Lakini akasema jambo lingine. Alisema mumewe aliwahi kupotea ziwani na simu yake ikazimwa, watu wakalia, na kumbe alikuwa kisiwani ameiuza simu anunue mafuta ya injini. "Simu haijui mtu aliyekufa na asiye na chaji," alisema. "Inajibu sawasawa." Akanifungia dagaa kwenye gazeti kwa ajili ya mgonjwa. Basi likaja wakati huo, na mkata tiketi akanitazama kama aliyetimiza ahadi.

Lamadi hadi Sirari

Basi lilikwenda vizuri mpaka tulipopita Bunda. Pale dereva akasimama kwenye hoteli ya rafiki yake, akashuka kula. Akala wali. Akapumzika. Akaagiza soda. Abiria wote walikaa kimya wakimtazama kupitia madirisha kama watu wanaoangalia sinema. Nilishuka nikamwambia nina mgonjwa Kenya. Akasema, bila ubaya wowote, kila mtu kwenye basi lile ana mgonjwa mahali fulani, na yeye akiendesha na njaa watakuwa wagonjwa wote. Nikarudi kwenye kiti changu. Hicho ndicho kilichonikera zaidi, kwamba hakukosea.

Tukavuka daraja la Kirumi. Huwa nikipita pale natoa kichwa nitafute viboko mtoni. Safari ile pia nilitoa kichwa, nikamwona mmoja, nikajikasirikia kwa kufurahi.

Jirani yangu wa kiti alikuwa kijana wa Tarime anayejenga nyumba za watu, ana maswali kuliko mimi. Aliuliza kwa nini simpigii shemeji mwenyewe. Nikasema simu ya shemeji inasema namba haipo, nadhani ilivunjika kwenye ajali, iliyobaki ni ya dada. Akauliza, basi wakati ule ilipokuwa inaita, nani alikuwa anaitazama ikiita? Maana simu haikai peke yake hospitali siku nzima bila mwizi. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ashughulike na matofali yake. Lakini swali lake lilikaa nami hadi Sirari, likavuka mpaka bila kuulizwa kitu na mtu.

Isebania hadi Kisumu

Upande wa pili lugha ni yetu lakini imevaa nguo nyingine. Nilianza kuuliza watu wa magari makubwa kama wamesikia ajali ya lori la choroko. Nikapata nyuso tupu. Choroko? Mmoja alidhani ni jina la kampuni. Mwingine alidhani natafuta kijiji. Nilizunguka pale stendi nikizidi kupandisha sauti, kana kwamba wao ni viziwi, mpaka muuza chai akaniambia nichore. Nikachora kwa kidole juu ya vumbi la meza yake punje ndogo za kijani, nikaeleza zinavyopikwa.

"Hizo ni ndengu," alisema.

"Dengu ni nyingine. Dengu ni kubwa, za rangi ya kahawia."

"Sasa unataka kunifunza ndengu? Nimepika ndengu tangu niolewe."

Tulibishana hapo mimi na yeye, mtu mwenye dada hospitalini na mtu mwenye chai inayochemka, kuhusu punje. Mwishowe akanimiminia chai yenye maziwa mengi hata haionekani kama chai, akasema ninywe, nimekonda roho. Na baada ya kujua jina lao nilipata jibu. Dereva mmoja alikuwa amesikia lori la ndengu la Watanzania lilianguka milimani, mbele ya Kisumu, njia ya Eldoret. Watu je? Hakujua. Alisikia habari za mzigo tu. Nikamuuliza inawezekanaje mtu asikie habari za magunia asisikie za watu. Akasema watu hupelekwa hospitali, magunia hubaki barabarani, na yeye hupita barabarani.

Kisumu nililala kwenye nyumba ya wageni, na asubuhi nilipiga namba ya Minza kwa simu ya mwenye nyumba. Yule mwanamke wa mtambo ana dada yake Kenya. Anaongea Kiingereza kwanza.

Kisumu hadi Eldoret

Barabara inapanda hadi masikio yanaziba. Baridi ya kule sikuitegemea, mimi mtu wa Simiyu nikiwa na shati la mikono mifupi na dagaa kifuani. Chai imepandwa kila upande, imekatwa sawasawa kama nywele za askari. Nilitaka kuuliza inavunwaje na sikuwa na wa kumuuliza, maana abiria wote walikuwa wameziba pua kwa ajili ya dagaa wangu.

Kabla ya kufika Kapsabet tulipita kona moja, dereva akanyoosha kidole. "Hapo ndio lori ya Watanzania ilianguka."

Nilimwomba asimame. Akasema yeye siyo gari la matembezi. Niliinuka nikaanza kugonga bati. Wenzangu wakapiga kelele, wengine wakinitetea, wengine wakiniita kichaa. Hakusimama kwa ajili yangu. Alisimama mbele kidogo kwa ajili ya abiria, mama mmoja mwenye mfuko, na hapo ndipo nilipochungulia nyuma nikaona mtaro.

Mvua ilikuwa imenyesha huko. Choroko zilizomwagika zilikuwa zimeota. Mtaro mzima ulikuwa wa kijani, miche midogo imebanana, inagombania mwanga, mingine imetokea ndani ya kipande cha gunia. Choroko zetu hizi, zilizopepetwa uani kwetu, mama akiwa amekaa na ungo. Nilihesabu mvua zilizopita na siku ambazo simu haikupokelewa, nikaona jambo ambalo sikutaka kuliona: ni muda mrefu kiasi cha mbegu kuota na mtu kuzikwa.

Yule mama akaingia, akakaa karibu nami. Mfuko wake ulikuwa umejaa choroko. Alikuwa ameziokota, akaziosha, akazianika.

"Ndengu ya bure," aliniambia akicheka, alipoona naukodolea macho mfuko.

Nilimwambia siyo ya bure. Nilimwambia ni ya dada yangu. Nilisema mengine pia, maneno makali ambayo mwanamke yule hakustahili. Hakunijibu kwa ukali. Alisubiri nimalize, kisha akasema yeye anakaa pale juu ya kona, na siku ile ndiye aliyeleta maji.

"Dadako ni yule mrefu, wa leso ya manjano?"

Leso ya manjano ni ya mama. Minza aliichukua wakati wa kuondoka.

"Tulimtoa akiwa na maisha," alisema. "Alikuwa ameshika mdomo na hiyo leso. Damu ilikuwa mob, nyingi kabisa. Lakini alitembea mwenyewe kuingia gari."

Akausukuma mfuko magotini mwangu, nichukue. Nilimrudishia. Nikamwambia akapike, ila aziloweke kwanza, za kwetu ni ngumu. Hiyo ndiyo radhi niliyoweza kuomba.

Eldoret

Hospitali sitaitaja. Ni kubwa, ina mageti, na kila geti lina mlinzi anayeamini yeye ndiye daktari mkuu. Wa kwanza alisema saa ya kuona wagonjwa imepita. Wa pili alisema haijafika. Nilipopenya hadi kwenye dirisha la maulizo, nikataja jina la dada na jina la baba yetu. Msichana akaangalia kwenye kompyuta, akasema hakuna mtu wa jina hilo.

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Hayuko."

"Hayupo kwa maana gani? Ametoka, au?"

"Mimi naona tu kama hayuko. Next."

Nilisogezwa pembeni na watu waliokuwa nyuma yangu. Sasa nilikuwa sina tena pa kuipeleka hasira. Nilitoka nje nikifikiria sentensi ya kumwambia mama, na kila sentensi niliyoitunga ilianza na uongo.

Nje kulikuwa na bomba la maji na watu wanafua nguo za wagonjwa wao. Mwanamume mmoja alikuwa anafua kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa shingoni kwa kitambaa. Alikuwa anafua leso ya manjano. Hiyo leso niliijua kabla sijamjua mtu.

"Maduhu."

Aligeuka. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo. Akasema, "Shemeji," na kabla hajasema lingine nikamuuliza yuko wapi. Akaonesha ghorofani kwa kidevu. Yupo. Taya limevunjika, wamelifunga kwa waya, hawezi kuongea, lakini yupo. Wamemwandika kwa jina lake yeye Maduhu, kama mkewe. Nilikaa chini kwenye tope la bomba. Nilifurahi kwa muda mfupi sana, kisha nikakumbuka swali la yule kijana wa Tarime.

"Simu ya Minza iko wapi?"

Akaitoa mfukoni, imeviringishwa kwenye kitambaa safi kama kitu cha kanisani.

"Imeharibika?"

"Hapana."

"Haina chaji?"

"Inayo."

"Sasa kwa nini umeizima?"

Akatazama chini. "Mayu, mama yenu, alikuwa anapiga."

Hapa lazima niwaeleze ninyi vijana mliokulia mjini, mnaopiga picha na wakwe zenu. Nyumba nyingine siku hizi hawajali. Nyumba yetu inajali. Maduhu tangu amemuoa Minza hajawahi kusimama uso kwa uso na mama. Akija Dutwa huongea na baba mdogo. Mama akipita uani, yeye huzunguka nyumba. Hawataji majina. Mama humwita baba Limi, kwa jina la mjukuu, na akiwa na neno la kumwambia hulituma kwa mtu. Hiyo ndiyo heshima, na Maduhu ana heshima kuliko wote.

"Alikuwa anapiga ili apokelewe," nilisema.

"Nimpokee mkwe? Nimwambie nini? Kwamba mwanao nimemvunja taya? Mimi, kwa mdomo wangu, sikioni mwake?"

"Ungempa nesi. Ungempa hata mfagizi."

"Na mimi nasimama pembeni namsikiliza mama akilia? Jina lake likitokea pale kwenye kioo ilikuwa kama ameingia chumbani. Nilikuwa naondoka, naiacha iite. Mwisho nikaizima."

"Mama amekaa mlangoni na watu wameshatandika mikeka, Maduhu."

Hilo lilimfika. Lakini naye alikuwa na hasira yake, ameitunza muda mrefu. "Mimi nimempigia baba mdogo kila siku. Ndiye aliyesimamia ndoa yangu, ndiye wa kumpigia. Naiwasha, nampigia, hapatikani, naizima. Nyumba nzima mnamwacha mtu huyo mmoja wa kupokea simu, halafu mnampeleka porini na ng'ombe?"

"Ungenipigia mimi."

"Wewe?" Alicheka, cheko baya. "Humu ndani kuna Nkwabi, kuna Nkwabi mpya, kuna Nkwabi Lamadi, kuna Nkwabi usipige hii. Nimepiga zote. Moja imepokelewa na fundi baiskeli wa Magu, anasema unadaiwa pedeli."

Waliokuwa wanafua walicheka. Mimi sikucheka. Ule mkono wake uliofungwa ndio uliomwokoa.

Wodini

Minza alikuwa amekaa, kichwa kimefungwa, uso umevimba upande mmoja. Aliponiona alinivuta mkono akanifinya, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifinya zamani nikichelewa kurudi. Akaweka kiganja sikioni kama simu, akaniuliza kwa macho. Nikamwambia mama hajui kama upo hai. Akamgeukia mumewe. Sijawahi kuona mtu mwenye mdomo uliofungwa akisema maneno mengi vile. Hakuwa amejua. Maduhu alikuwa amemwambia nyumbani wameshapata habari.

Kikombe cha uji kilikuwa mezani. Maduhu akakisogeza, labda kutafuta amani. Minza akakisukuma kikamwagika kwenye shuka.

Nikawasha simu, nikampigia mama. Alipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mama, ni Nkwabi. Nimefika. Yupo."

"Yupo wapi?"

"Hapa kitandani. Namwona."

"Mpe simu."

"Hawezi kuongea. Taya limefungwa kwa waya."

Nilisikia kuku wa nyumbani. Kisha akasema taratibu, "Nkwabi, nilikuambia nini kule nyuma ya nyumba?"

"Ni kweli, mama."

"Baba yako naye alikuwa hawezi kuongea."

Nikaiweka simu sikioni mwa Minza. Akaguna, akaguna tena, machozi yanamtoka. Mama akasema mtu yeyote anaweza kuguna. Simu ya mama haina picha. Nilianza kuapa, nikaapa kwa baba, na kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kama wale ndugu wa Shinyanga. Mama naye alisikia hivyohivyo. Alikuwa ameanza kulia kwa sauti ya chini, na nyuma yake wanawake wa mikeka wakainua sauti.

Ghafla akakatisha kilio.

"Maduhu yupo hapo?"

Sikuwahi kumsikia mama akilitaja jina hilo. Minza naye alisikia, akafumba macho.

"Yupo."

"Mpe."

"Mama, ni mkwe wako."

"Wewe ni mwanangu, utanidanganya kwa kunihurumia. Yeye hawezi kuvunja mwiko kwa ajili ya uongo. Mpe simu."

Maduhu alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alimwambia, si uchukue tu simu, ni mamako. Hakumsikia. Akatoka hadi kwenye korido, akachuchumaa akitazama ukuta, akashusha kofia ikafunika macho. Nikamshikia simu sikioni.

"Mwadila, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma. "Yupo."

Akaishusha kofia zaidi, akaongeza:

"Uji anaukataa. Una maziwa mengi, siyo wa kwetu. Jana alinimwagia. Na leo amemwaga, sasa hivi, shuka limelowa."

Nilikuwa karibu vya kutosha kumsikia mama. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mtungi.

"Walisema baba yake ameumaliza wote," alisema. Kisha, "Mpikie wa mtama."

Akakata. Maduhu alibaki amechuchumaa pale, na watu wa korido wakampita kwa kumzunguka.

Dutwa tena

Mimi nilitangulia kurudi, wao wakafuata taya lilipofunguliwa. Baba mdogo naye alirudi kutoka Meatu, amenenepa, akauliza mbona mmenikasirikia. Aliposikia habari ya simu akasema mwiko umevunjwa, Maduhu alete mbuzi wa kuusafisha. Mama akamuuliza, "Aliyemwita kwenye simu ni nani?" Akaenda zizini, akamfungua mbuzi wake mwenyewe.

Huyo ndiye mliyemla mkadhani ni sherehe ya kumpokea Minza. Baba mdogo, ambaye simu yake ilikuwa tochi, alipewa paja.

Mama na Maduhu hawajaongea tena. Maduhu akifika bado huzunguka nyumba. Ila akiwa safarini na Minza, jioni hubipu simu ya mama mara moja, anakata. Mama anachukua kiswaswadu, naye anabipu mara moja, anakirudisha mapajani. Nyumbani wote huona ni jambo zuri. Mimi nikiwa nimekaa karibu huwa nawaka upya, kwa sababu mlio ule mmoja, usio na neno hata moja ndani yake, ungetutosha tangu siku ile ya kwanza.